Jino la Katoni Nyingine

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Bosi ametangaza leo asubuhi, sote tumesimama katikati ya masinki. Duka linafungua shorumu mpya upande wa barabara kuu. Vioo juu mpaka chini, taa za dari, viti vya wateja. Anatakiwa msimamizi mmoja tu, na atatoka humu humu ndani. Jumamosi ya tarehe 15 kila anayetaka nafasi hiyo atapokea wateja mbele ya macho yake, kisha ataamua.

Miaka tisa niko kaunta ya nyuma nauza vigae. Nikikigonga kigae kwa ukucha nakuambia kimechomwa vizuri au kimechomwa ovyo. Nani mwingine? Nikajiona tayari nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

Ndipo Bosi akaongeza kwamba anataka mtu mwenye uso wa kupokea wageni. Halafu akaniangalia mimi! Nilikuwa nimefunika mdomo kwa kiganja, kama kawaida yangu. Pembeni yangu Chereko akatabasamu. Chereko anauza masinki, na sijawahi kuona akifanya kazi nyingine zaidi ya kutabasamu. Ana meno thelathini na mawili na huyaonyesha yote kwa mpigo.

Nimerudi nyumbani nikajifungia bafuni na kioo cha mkono. Hali ni mbaya kuliko nilivyoikumbuka. Rangi: chai ya miaka ishirini. Jino la mbele kushoto: limemeguka pembe, tangu siku nilipofungua chupa ya soda kwa meno ili mashemeji wajue dada yao kaolewa na mwanamume. Soda ilifunguka. Jino nalo.

Mama Watoto amegonga mlango, akauliza kama nimefia humo. Nimemwambia naoga. Amesema hasikii maji.

Jumanne, 4 Machi

Uchunguzi wa siri kazini. Nimechukua ubao wa sampuli za vigae vyeupe, nikajifanya naupangusa, kumbe naupima na meno ya Chereko wakati anacheka na mteja. Jibu: ni Theluji. Theluji tupu, hata doa hakuna!

Nikaenda nyuma ya rafu kujipima mwenyewe. Nikapita Maziwa. Nikapita Pembe. Nikapita Mchanga Mwepesi, roho juu. Nimekuja kujikuta kwenye Udongo wa Mto, ambacho hata si kigae cha ndani ya nyumba. Tunakiuza kwa watu wa gereji.

Dada wa Stoo akaja na toroli la katoni, akanikuta nimeachama, ubao umebanwa shavuni. Akauliza kama jino linaniuma. Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Akanipa karafuu, akasimama pale mpaka nikaitafuna. Nimetafuna karafuu tatu leo kwa ajili ya jino lisiloniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa meno. Mama mmoja mtulivu, ana miwani, anaongea polepole kana kwamba mgonjwa anaandika. Nilibeba kigae cha Theluji kwenye mfuko wa koti. Nikakiweka mezani nikamwambia nataka rangi ile, kabla ya tarehe 15.

Akakiangalia. Akakisogeza. Akanieleza yanayowezekana. Kwanza kuondoa ukoga, hilo halina mjadala. Kisha kuna kung'arisha kwa jeli, taratibu, kama wiki mbili. Kuna kujazia ile pembe iliyomeguka, kazi ya kikao kimoja. Kuna nyaya kwa meno yaliyopandana, ila yangu hayakupandana. Na kuna vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino.

Kauri! Vya kubandika! Nikakaa wima. Nikamuuliza anatumia gundi ya aina gani na kama kwenye maungio anapaka grauti, ile simenti ya kuziba nafasi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema ili kubandika vigamba inabidi jino likwanguliwe, na jino likishakwanguliwa halirudi, na yeye hakwangui meno mazima kwa ajili ya shughuli ya siku kumi. Meno yangu, alisema, ni mazima kabisa. Mazima! Hakuna mtu aliyewahi kupandishwa cheo kwa sababu meno yake ni mazima.

Basi nikasema anijazie pembe. Hapo akaniuliza, akinitazama machoni, kama nina mpango wa kung'arisha. Maana kama ninao, tung'arishe kwanza, tungoje wiki mbili rangi itulie, ndipo ajazie. Jeli hung'arisha jino peke yake. Kijazio hubaki na rangi yake ile ile milele.

Nikapiga hesabu ya siku. Wiki mbili na wiki mbili. Shorumu itakuwa imeshapata mwenyewe!

Halafu nikafikiri kama fundi. Kwenye kazi yetu, kigae hutangulia na kuosha hufuata. Unatandaza, unapaka grauti, halafu siku ya mwisho unaosha sakafu nzima inang'aa kwa pamoja. Fundi anayeosha kabla ya kutandaza huchekwa mpaka na vibarua. Daktari amesoma, sawa, lakini sakafu ametandaza ngapi?

Nikamwambia hapana, sina mpango wowote wa kung'arisha. Nilisema kwa uso mkavu, huku moyo ukinienda mbio. Akanipa Ijumaa.

Ijumaa, 7 Machi

Imekwisha! Ameondoa ukoga kwa kichuma kinachopiga kelele kama mashine ya kukatia vigae, nikajisikia nyumbani. Kisha akatoa ukanda wenye meno madogo ya mfano, akayapitisha moja moja karibu na langu mpaka akapata lililolingana. Namba aliitaja kwa msaidizi wake. Mimi sikuhitaji namba. Udongo wa Mto.

Akapaka, akamulika taa ya buluu, akasugua, akanipa kioo. Pembe imerudi! Huwezi kujua wapi jino linaishia na wapi kazi yake inaanzia. Mimi ambaye hukagua maungio kwa kujipatia riziki, sikuona kitu. Alifurahi sana kuniona nimefurahi. Akanishika mkono akasema nimefanya uamuzi wa mtu mzima. Nilitazama viatu vyangu.

Nyumbani Mama Watoto alinitazama muda mrefu. Akasema nimefanana na siku ya harusi yetu. Kwa dakika nzima nilitaka kuishia hapo. Kweli kabisa. Kisha nikamkumbuka Chereko.

Jumamosi, 8 Machi

Msusi wa mke wangu anauza jeli ya kung'arishia meno, pamoja na vibao vya plastiki vya kuvaa mdomoni. Nimepitia saluni baada ya kazi, nikajidai nimekuja kumuulizia Mama Watoto. Wanawake watano wamenitazama kutoka chini ya mashine za kukaushia nywele. Nimetoka na kifurushi ndani ya gazeti.

Maelezo yanasema nusu saa kwa siku. Huo ni woga wa watengenezaji. Doa la simenti ukiliachia dawa nusu saa, utakuwa umelisalimia tu. Nimevaa saa mbili.

Mama Watoto ameona. Amesema jino la pembe si dawa ya pengo. Nimejaribu kumwambia kwamba mimi sina pengo na kwamba methali hiyo hainihusu, lakini kwa vile vibao vilivyokuwa mdomoni nilichotoa ni mate. Ameondoka na kanga yake ili nisiichafue.

Jumatatu, 10 Machi

Meno yanabadilika! Pia yanauma. Maji yanauma. Uji unauma. Leo nimegundua kwamba hata hewa inauma. Nikimtajia mteja neno sakafu, ile hewa inayoingia inapita kwenye meno kama sindano. Nimeanza kusema chini badala ya sakafu. Nimemuuliza mteja anataka kigae cha ukutani au cha chini, na yeye akauliza chini ya nini.

Nimejaribu kuvaa vibao kazini, saa ya chakula, kwa kuwa sasa chakula chenyewe kinanishinda. Mteja akaja kabla ya wakati wake. Sikuwahi kuvitoa. Nilimwelekeza rafu kwa kidole nikadondosha mate kwenye katalogi, ukurasa wa vyoo.

Chereko amekuja kunipa pole ya msiba. Nikauliza msiba gani. Akasema tangu asubuhi sicheki wala siongei, akadhani nimefiwa. Alisema hayo akitabasamu! Ninamchukia mtu huyu kwa moyo wangu wote. Nafikiri pia kwamba alikuwa na huruma ya kweli, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwisha.

Saa nne asubuhi nilisimama mlangoni, kwenye mwanga wa jua, nikatoa kioo ili nijifurahishe. Meno yamekuwa meupe. Si Theluji, lakini Pembe ya uhakika. Yote! Isipokuwa moja. Mbele, kushoto, kwenye pembe, kuna kipande cha Udongo wa Mto, kimekaa katikati ya weupe wote ule kama mgeni aliyekosea nyumba.

Kigae cha katoni nyingine. Mbele kabisa. Mdomoni mwangu.

Kuna bango juu ya kaunta yangu. Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu, herufi kubwa: HAKIKISHA KATONI ZOTE ZINA NAMBA MOJA. Nimewarudisha mafundi wazima kwa tofauti ndogo kuliko hii. Nimewahi kumwambia mzee mmoja kwamba sakafu yake ni aibu ya mtaa. Mzee yule angeniona leo!

Nimepaka jeli kwenye ile pembe peke yake kwa kijiti cha pamba, mara nne. Haikubadilika hata chembe, kama alivyosema daktari. Kwenye chumba cha ofisi kuna kichupa cha wino mweupe wa kufutia makosa. Nimekifungua. Nimekinusa. Nimekifunga. Nina watoto wawili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimempigia daktari simu. Nimemwambia nina rafiki. Rafiki huyu alijazia jino, kisha, kwa bahati mbaya, akang'arisha. Nikauliza rafiki huyu afanyeje mpaka Jumamosi.

Daktari akasema nimwambie rafiki yangu aache jeli leo hii, meno yapumzike wiki mbili, halafu aje atolewe kile kijazio na kuwekewa kingine kinacholingana. Kazi ndogo, si mwisho wa dunia. Na akija, asilete kigae.

Wiki mbili! Jumamosi ni keshokutwa!

Lakini nimekaa, nimefikiri, nimepata njia. Kwani nani alisema muuzaji lazima aongee? Mteja ndiye mfalme, na mfalme hajibishwi, huitikiwa. Nitafunga mdomo, nitainamisha kichwa kwa adabu na kuitikia kwa kutikisa kichwa. Midomo itabaki imekunjuka kidogo pembeni. Huo nao ni uso wa kupokea wageni.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Binti yangu mdogo ameniuliza mvua inanyesha nje au la. Nimeitikia kwa kichwa. Amechukua mwavuli. Jua lilikuwa linawaka.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote.

Alianza Chereko. Alimtabasamia bwana mmoja kwa nusu saa nzima. Bwana yule alitaka bomba la jikoni. Aliondoka akiwa na furaha na hana bomba. Bosi, aliyekaa pembeni na daftari lake, aliandika kitu kifupi. Nikaona mlango umefunguka kwa ajili yangu.

Mteja wangu alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwenye suti ya kijivu na maswali yaliyopangwa. Anakarabati bafu la mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na mbili, aliyeanguka mwaka jana akavunjika nyonga. Akapita kwenye rafu, akasimama mbele ya Theluji. Kile cha kung'arishwa. Akakipapasa. Akasema mama yake anapenda kitu cheupe. Akanigeukia akauliza kama hiki kinafaa bafuni kwa mzee.

Ninajua Theluji. Kikiwa kikavu ni kioo, kikilowa ni sabuni. Nimewakataza wateja wasiopungua mia kukiweka bafuni. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Lakini Bosi alikuwa ananitazama, jua linaingia moja kwa moja usoni mwangu, na kusema yale yote kungenibidi nifungue kinywa mpaka kwenye ufizi.

Nikatikisa kichwa. Kwamba kinafaa.

Akauliza kama nina hakika. Nikaitikia tena. Nikainama na adabu juu yake.

Akaagiza katoni sita. Dada wa Stoo akaja na toroli, akasoma karatasi ya oda, akaliegesha toroli. Akamuuliza mwalimu nani ataoga humo. Mwalimu akamwambia. Dada wa Stoo hakusema neno baya juu yangu. Alileta kigae kingine, kile cha kukwaruza, kisichoteleza, akakiweka chini karibu na Theluji, akamimina maji kidogo kwenye kila kimoja, akamwomba mwalimu asugue kwa soli ya kiatu. Mara moja huku, mara moja kule. Kwenye Theluji kiatu kilikimbia. Mwalimu alishika bega la Dada wa Stoo asianguke.

Kisha akanitazama. Hakugomba. Angegomba ningeshukuru. Aliuliza tu kama nilikuwa najua.

Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Haikupasuka. Ni vigae vizuri.

Nimeona haya ambayo sijawahi kuiona. Bibi wa watu, miaka themanini na mbili, na nyonga yake moja ambayo bado nzima!

Jioni Bosi aliniita ofisini. Alinionyesha daftari. Ukurasa wa kwanza, tarehe 3, lilikuwa limeandikwa jina langu. Peke yake. Alisema hakuna mtu humu anayejua vigae kunizidi, na kwamba alichokuwa akiomba ni kitu kimoja: niondoe mkono mdomoni ili watu wasikie ninachosema. Akaniuliza nani aliniambia habari za meno. Jina langu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Chini yake ameandika Dada wa Stoo, ambaye hakuwa hata ameomba.

Nimesema hongera kwake. Nilisema nikiwa nimefunika mdomo.

Nyumbani nimemweleza Mama Watoto yote, tangu kigae mfukoni mpaka kutikisa kichwa. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuondoa mkono wangu mdomoni akauweka magotini, akalitazama jino, akasema muhimu ni kwamba yule bibi hataanguka. Nikalia kidogo. Hewa iliingia kwenye meno, ikauma vibaya.

Jumatatu, 17 Machi

Jana yote nimejitafakari. Nimekata shauri: upuuzi basi. Nitarudi kaunta ya nyuma, nitaongea na wateja kwa kinywa kipana, na jino litangoja siku yake. Nimeamka mwepesi. Nimekula uji.

Nimefika mapema nikampe Dada wa Stoo hongera ya moyoni. Nilimkuta tayari shorumu, ameegemea kaunta mpya, anamsikiliza mteja anayeeleza habari ndefu ya ukuta unaovuja. Hakumkatiza. Aliuliza maji yanaanzia wapi, yanaanza saa ngapi, ukuta umejengwa lini. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama kumngojea yeye, wakati Chereko amekaa bure pembeni, meno nje. Nikawa nastaajabu: ana nini huyu dada?

Kisha mteja akasema kichekesho, naye akacheka. Nikaona.

Mwanya!

Hapo katikati, kati ya meno mawili ya mbele. Safi, ulionyooka, milimita mbili kamili. Miaka yote hii nafanya kazi na mtu ana mwanya kama ule na sijawahi kuupima! Ndiyo maana! Mwanya huvuta watu, nani asiyejua? Yale maneno ya Bosi juu ya mkono mdomoni yalikuwa ya kunistahi tu. Bosi hawezi kumwambia mtu mzima waziwazi kwamba kakosa mwanya. Na mimi mjinga nilikuwa nahangaika kujazia, wakati kilichotakiwa ni kupunguza!

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanasema kuna shorumu ya pili mwakani.

Nimempigia daktari hapo hapo, kutoka nyuma ya katoni. Nimemwomba siku ile atakapotoa kijazio anifungulie na mwanya, milimita mbili, nami nitakuja na kile kimsalaba cha plastiki tunachoweka kati ya vigae, ili asibahatishe. Akaniuliza, kwa sauti ya upole sana, kama ninaweza kuja siku hiyo pamoja na mke wangu.

Nimemwambia bila shaka. Daktari mzuri sana yule. Anataka na familia itoe maoni kuhusu upana.